Benchi la Ishirini

Hon alitoka kiwandani saa moja asubuhi, usingizi machoni na vumbi la vigae kwenye nyusi. Usiku kucha alikuwa amesimama mbele ya tanuri, kwa muda wa saa kumi na mbili, akipokea vigae vya moto na kuvipanga. Bega lake la kulia lilikuwa likiuma tangu Mwaka Mpya. Sasa halikuuma tena, lilikuwa linakataa. Tofauti hiyo aliijua vizuri. Bega linalouma unaweza kulibembeleza. Bega linalokataa halisikii la mtu.

Hakwenda nyumbani kulala. Aliwasha pikipiki yake ya umeme akaelekea kijijini Saichung, kilomita kumi na moja, mvua ikimchapa usoni. Ilikuwa siku ya tatu ya mwezi wa tano kwa kalenda ya wazee, siku ambayo mashua ya Saichung yenye kichwa cha joka huenda kuwasalimu ndugu zao wa kijiji cha Daaileng, na jina lake lilikuwa ukutani.

Jina lenyewe lilikuwa kwenye karatasi nyekundu, iliyobandikwa ndani ya jumba la mababu na kuandikwa kwa brashi na wino mweusi. Mashua ya Saichung hulala mwaka mzima chini ya tope la bwawa, ili mbao zake zisikauke na kupasuka. Ikishafukuliwa na kuoshwa, huandikwa majina ya wapiga kafi arobaini wa safari ya Daaileng, wawili wawili, benchi la kwanza hadi la ishirini, na kusomwa kwa sauti mbele ya mababu. Karatasi hubaki ukutani mpaka mwaka mwingine. Mwaka wa ishirini na sita sasa, jina la Mak Yiu Hon lilikuwa kwenye benchi la pili.

Zamani hakuwa akiitazama sana karatasi hiyo. Alianza kuitazama miaka miwili iliyopita, baada ya nyumba aliyozaliwa kubomolewa kupisha barabara. Walipewa fleti mjini, ghorofa ya kumi na nne, nzuri tu, yenye lifti na dirisha linalotazama madirisha mengine. Mti wao wa lichi ulikatwa. Kisima kilifukiwa. Siku moja Hon alisimama pale palipokuwa na mlango wao, magari yakipita kwa kasi, akajaribu kukisia jikoni ilikuwa upande gani, akashindwa. Tangu siku ile alijua kwamba mahali pekee kijijini palipobaki na jina lake ni karatasi ile. Alimwambia mkewe peke yake.

"Basi nenda," mkewe Suet Ngo alimjibu. "Lakini ukirudi huna mkono, usiniite nikukune mgongo."

Na sasa mkono ndio uliokuwa unamwacha. Tatizo ni kwamba mpiga ngoma, Dak Wing, ambaye pia ndiye kiongozi wa timu, alikuwa ametangaza wiki iliyopita, bila ukali, kama mtu anayesoma ratiba: "Atakayeshindwa kufuata ngoma namfuta, hata kama ni asubuhi ya safari. Sina ugomvi na mtu. Kuna vijana tisa wanasubiri nafasi." Dak Wing alikuwa na miaka thelathini na minne, anafundisha watoto kuogelea mjini, na alikuwa hajawahi kuamka na kiungo kinachokataa.

Hon alimkuta kwenye mlango wa jumba, brashi mkononi, akirekebisha herufi iliyovuja kwa unyevu.

"Mdogo wangu," Hon alisema, akijitahidi sauti iwe ya mzaha, "niweke nyuma leo. Benchi la mwisho, na Bak Cheung."

Dak Wing aligeuka. "Nyuma? Kaka Hon, wewe ni mtu wa mbele tangu mimi nikiwa mtoto. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Bak Cheung ananichekesha. Nimetoka zamu ya usiku, nisipochekeshwa nitalala nitumbukie majini."

"Bega je?"

"Bega lipi?"

Dak Wing alimtazama kidogo, kisha akaangalia saa. Watu walikuwa wanaanza kubeba kafi zao kuelekea ukingoni, na fataki za kuaga zilikuwa zimeshatundikwa. Alibandika vipande viwili vya karatasi, akaandika upya majina mawili: kijana wa benchi la ishirini akaenda la pili, Hon akashuka la ishirini. Aliyasoma kwa haraka mbele ya mababu, kwa maana jina lisilosomwa halipandi mashuani, na likishasomwa halihami mpaka mashua irudi.

"Haya," alisema. "Lakini nitakuwa nakusikiliza."

Hon alishusha pumzi. Kunisikiliza sawa, alifikiri. Kuniona hutaniona.

Hesabu yake ilikuwa hii. Mpiga ngoma husimama katikati ya mashua akitazama mbele. Walio nyuma yake hawezi kuwaona. Mtu wa benchi la ishirini anaweza kuinua kafi na wenzake, kuishusha na wenzake, na ikifika majini asiivute. Wapiga kafi wa pale humwita mtu wa namna hiyo mlambaji, kwa sababu kafi yake hulamba maji tu, haiyanywi. Hon alikuwa amewacheka walambaji maisha yake yote.

*

Bak Cheung alikuwa muuza nyama ya nguruwe ya kuoka, mnene, mchangamfu, mwenye kovu la mafuta ya moto kwenye kila mkono. Alisogea kumpisha Hon, na mashua nzima ikainama upande wake.

"Karibu huku kwa maskini," alisema. "Mtu wa benchi la pili kuja kuishi kwetu! Umefukuzwa na mkeo?"

"Nimekuja kupumzika."

"Kupumzika? Mimi hapa nakaribia kufa, wewe umekuja kupumzika?"

Nyuma yao, kwenye tezi, mwisho kabisa wa mashua, nahodha Ami Sek alikuwa amesimama na kafi ndefu ya usukani. Alikuwa na miaka sitini na tisa, miguu mitupu iliyoshika ubao kama vidole vya mkono. Aliongoza mashua ile tangu enzi za baba yake Hon.

Fataki zililia, ngoma ikalia, mashua ikaondoka. Kilomita saba kwenye mto mkubwa, mvua ikikatika na kurudi. Dak Wing alipiga ngoma ya haraka tangu mwanzo, ile ya mashindano, na wapiga kafi wakaifuata, maana wengi wao walikuwa na vifua vya kujionyesha bado. Hon aliinua, akashusha. Aliinua, akashusha. Bega lilipofika urefu fulani liligoma, basi akalisindikiza kwa kiwiliwili. Kafi iligusa maji, ikatoka. Haikubeba kitu.

Mwanzoni alisikia nafuu, kama mtu aliyekaa kwenye kiti baada ya kusimama usiku kucha. Halafu akautazama mgongo wa mtu aliyekuwa mbele yake. Kwok Leung, dereva wa lori la samaki, naye alikuwa ametoka kazini alfajiri. Mgongo ule ulikuwa unavuta. Misuli ilikuwa inapanda na kushuka chini ya fulana iliyolowa, na kila uliposhuka, Hon alijua kwamba sehemu ya uzito ule ni wake.

"Hon," sauti ya Ami Sek ilisema juu ya kichwa chake, taratibu, ya kumfikia yeye tu. "Maji ya leo yana ladha gani?"

Masikio ya Hon yalipata moto. Bak Cheung alianza kucheka, akakosa pumzi, akakohoa.

"Matamu kidogo, ami," Hon alijibu.

"Mm," alisema mzee. Mguno ule ulikuwa mzito kuliko tusi.

*

Daaileng waliwapokea kwa moshi wa fataki uliofunika mfereji mzima. Vijiji hivi viwili viliapiana undugu zamani sana, na tangu hapo kila mwaka Saichung huwatembelea wenzao kwa mashua. Wanawake wa Daaileng waliwafungia majani ya balungi kwenye kafi. Vichwa vya majoka viliinamishiana mara tatu. Kisha watu wakaketishwa kwenye meza za duara chini ya maturubai, wakaletewa wali, nyama, samaki wa mvuke, supu ya mboga, na vifurushi vya wali wa kunata uliofungwa kwenye majani.

Hon alilala akiwa ameshika vijiti, kipande cha nyama kikiwa njiani kwenda mdomoni.

"Mwacheni," alisikia Bak Cheung akisema kwa mbali. "Anaota anakula. Ni rahisi zaidi, haongezeki uzito."

Aliamshwa na sauti ya nyundo ya mti. Alifungua macho, akatazama mfereji.

Watu wawili walikuwa wanagonga vigingi ili kuking'oa kichwa cha joka.

Mfereji wa Daaileng ni mwembamba, una kingo za mawe pande zote, na mashua ya Saichung ni ndefu kuliko upana wake mara tatu. Haigeuki pale. Haijawahi kugeuka. Kila mwaka, wakati wa kuondoka, kichwa huchomolewa na kupelekwa kwenye tezi, mkia huletwa kwenye omo, kule mbele, nahodha huhamia upande wa pili na kafi yake, na wapiga kafi husimama, wakageuka pale pale walipo, wakaketi wakitazama walikotoka. Nyuma inakuwa mbele. Benchi la ishirini linakuwa la kwanza.

Hon alikuwa amelifanya jambo hilo mara ishirini na tano. Alikuwa amelifanya bila kulifikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Na miaka yote hiyo alikuwa akimwambia mkewe kwamba kwenda Daaileng kunachosha, lakini kurudi ni kwepesi, mtu anaporudi kwao mwili hujua, mto wenyewe humbeba. Kumbe hakukuwa na mto wowote. Kurudi kulikuwa kwepesi kwa sababu mtu wa benchi la pili, mashua ikigeuzwa, anakuwa karibu na mkia, na mbele yake kuna migongo thelathini na sita inayomvuta. Ishirini na tano, alihesabu. Safari ishirini na tano alikuwa ameletwa nyumbani na watu wa nyuma, na hakuwahi kuwageukia hata kuwaambia asante.

"Bak Cheung," alisema. "Mimi na wewe ndio tuko mbele."

"Kila mwaka mimi niko mbele kurudi," alisema Bak Cheung, akijifuta mafuta mdomoni. "Wewe ulidhani nani anakupeleka nyumbani? Malaika?"

"Bega langu halinyanyuki."

Bak Cheung aliacha kujifuta. Alimtazama vizuri, kwa mara ya kwanza bila utani.

"Tangu lini?"

"Asubuhi yote nimelamba."

"Hilo nalijua, mimi nilikuwa pembeni yako, mashua ilikuwa inakwenda upande wako kama mlevi. Nakuuliza bega."

"Tangu Mwaka Mpya. Nikimwambia Dak Wing ananifuta. Jina likitoka ukutani, Cheung, mimi sina kitu kingine pale."

Bak Cheung aliinuka, akaokota kafi yake. Wazee wa Daaileng walikuwa wameanza kuita. Watu walikuwa wanarudi mashuani.

*

Mbele kulikuwa na upweke ambao Hon hakuutarajia. Hakukuwa na mgongo wa kutazama. Kulikuwa na kisogo cha joka, cha mti wa kafuri, rangi yake ya dhahabu ikichuruzika mvua, na baada ya hapo maji matupu, na kingo mbili zilizojaa watu wa Daaileng wenye miavuli. Nyuma yake makafi thelathini na manane yalikuwa hewani, yakimsubiri yeye na Bak Cheung. Nyuma zaidi, Dak Wing alikuwa ameinua vijiti vya ngoma, na sasa alikuwa anamwona vizuri, kutoka kisogoni mpaka kiunoni. Ami Sek alikuwa mbali kabisa, mwisho wa mashua.

Ngoma ikalia. Ya haraka, kama asubuhi.

Hon aliinua. Mpigo wa kwanza ulipita kwa hasira tu. Wa pili aliuvuta kwa meno. Wa tatu bega likakataa katikati ya njia, kafi ikaanguka kabla ya wakati, ikagonga ya aliyekuwa nyuma yake, nayo ikagonga ya aliyefuata, na kugongana kule kukashuka benchi hadi benchi kama sahani zinazoanguka kabatini. Mashua ikayumba. Maji yakaingia.

"Ee, Saichung!" mwanamke mmoja alipiga kelele kutoka ukingoni. "Mmekula sana! Rudisheni samaki wetu!"

Watu walicheka kingo zote mbili. Mwingine akadakia: "Mnapiga kafi au mnafukuza nzi?"

"Kaka Hon!" Dak Wing aliita. "Fuata ngoma! Harakisha!"

Hon alifumba macho. Alikuwa amechoka kupita aibu. Alichoka na tanuri, na lifti, na bega, na uongo wa asubuhi, na katika uchovu ule hakukuwa na nafasi ya kujifanya tena. Mkono haukuweza kupanda juu, basi hakuupandisha. Aliuweka chini, karibu na kiuno, namna wanavyoshika makafi siku ya kufukua mashua, wanapochota tope zito, ambapo mtu hatumii bega kabisa, anatumia kiuno na mapaja na uzito wake mwenyewe. Alitumbukiza kafi mpaka kwenye mkono. Aliegemea. Alivuta, pole pole, mpaka mwisho, na akaitoa. Akapumua. Akatumbukiza tena.

Bak Cheung alimtazama kwa jicho la pembeni, akaingia naye.

"Harakisha!" aliita Dak Wing, ngoma ikikimbia peke yake. "Mbele! Nini hicho?"

Ndipo sauti ya Ami Sek ilipokuja kutoka mwisho wa mashua, ikipita juu ya vichwa vyote, sauti aliyokuwa haitumii siku hizi.

"Fuateni walio mbele! Ngoma nayo ifuate! Wewe mtoto, piga wanavyovuta!"

Kwa mipigo mitatu au minne hakuna kilicholingana. Kisha Hon akaisikia. Hakuisikia kwa masikio, aliisikia kwa makalio, kwenye ubao. Nyuma yake makafi thelathini na manane yaliingia majini kwa pamoja na mashua ikanyanyuka kidogo, ikateleza. Ngoma ilikuwa imeshuka. Dum. Kimya cha pumzi moja. Dum. Na ndani ya kimya kile alisikia watu thelathini na wanane wakivuta hewa, kwa sauti, kama watu waliokuwa wameshikwa koo tangu asubuhi. Mtu mmoja katikati, hakujua nani, alisema, "Ahsante, jamani," na mwingine akacheka kwa kuchoka.

Kumbe wote. Madereva, wauza mboga, mafundi wa mabomba, hata vijana wenye vifua. Hakuna aliyekuwa na nguvu za ngoma ile. Kila mmoja alikuwa anadhani ni yeye peke yake.

Walipita chini ya daraja la Daaileng wakiwa sawa, mpigo mzito mmoja baada ya mwingine, na watu wa ukingoni waliacha kucheka. Hakuna aliyeshangilia. Walitazama tu, miavuli ikitulia, na mzee mmoja wa Daaileng aliinamisha kichwa mashua ilipopita.

Kilomita saba. Hazikuwa nyepesi hata moja.

*

Saichung walifika saa kumi jioni, kwa kuchelewa kuliko mwaka wowote. Hon alishindwa kufungua vidole. Bak Cheung alimfungulia, kimoja kimoja, kutoka kwenye kafi.

Alimkuta Dak Wing kwenye jumba la mababu, ameketi kwenye kizingiti, viganja vimechubuka, anavipuliza. Kuna vitu Hon angeweza kuvinyamazia. Mashua ilikuwa imefika, hakuna aliyemuuliza.

"Asubuhi nilikudanganya," alisema. "Bega limeharibika. Kwenda nilikuwa nalamba. Kwok Leung alinivuta mpaka Daaileng, hajui. Ukitaka kufuta, futa. Usinihurumie."

Dak Wing aliinua uso. Alionekana kijana sana, na amechoka kama wao.

"Nilijua kabla ya daraja," alisema. "Nilitaka kukufuta pale pale. Nilikuwa nimekasirika, kaka, nikuambie ukweli. Nilikuwa nasema moyoni, tukifika tu." Alipuliza kiganja. "Halafu nikaona kwamba hata mimi mikono yangu imepumzika."

"Mm."

"Keshokutwa ni mashindano. Huko siwezi kukuweka. Nitaweka kijana."

"Najua." Ilimuuma, ingawa alijua.

"Ile ni karatasi nyingine," alisema Dak Wing. "Hii ya Daaileng inabaki. Na mwakani..." Alisita, kama mtu anayejifunza kusema jambo. "Mwakani nikuweke wapi?"

Hon alitazama ukuta. Jina lake lilikuwa chini kabisa, kwenye kipande kilichobandikwa kwa haraka, wino bado una unyevu, pembeni ya la Bak Cheung.

"Hapo hapo nilipo," alisema. "Lakini nikalitibu hili bega kwanza. Nikirudi nalamba, wewe nifute tu, usiniulize."

"Sawa."

Zamu yake ilikuwa inaanza saa moja usiku. Alikuwa na saa mbili na nusu. Fleti ilikuwa mbali, basi alilala pale pale sakafuni, kwenye mawe ya baridi, kati ya makafi yaliyolowa, mkono wa kulia ameuweka kifuani kama mtoto mgonjwa. Kabla usingizi haujamchukua alisikia Kwok Leung akiingia, akivua fulana na kuikamua. Hon alifungua macho.

"Kwok Leung."

"Naam, kaka."

"Asante kwa asubuhi."

"Asubuhi ipi?" aliuliza Kwok Leung. Lakini Hon alikuwa ameshalala.